Mafuta katika Maji: Historia ya Hitilafu Moja ya Lori la Dizeli

Mwenye lori afunguapo rejeta asubuhi, akakuta mahali pa maji safi pana uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, hutamka maneno manne tu: "Mafuta yameingia katika maji." Yeyote asikiaye hudhani ameelewa. Lakini hakuna aliyeelewa bado, si msemaji wala msikilizaji, kwa sababu ndani ya lori la dizeli mna mafuta ya namna tatu au zaidi, na kila namna ina njia yake ya kuyafikia maji, na kila njia ina adhabu yake. Moja hutibika kwa kubadili kifaa kidogo. Nyingine humlazimu mwenye lori kuifumua injini yote. Na nyingine, isipotambuliwa mapema, huiua gia boksi nzima hali injini yenyewe haina kosa lolote.

Makala haya yakusudia kuichunguza moja ya njia hizo, nayo ni ile ya oili ya gia otomatiki kuingia katika maji yapozayo injini. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hitilafu hii yaonyesha jinsi neno moja la kale la lugha yetu liwezavyo kumpoteza fundi aliye hodari. Pili, haieleweki pasipo historia yake. Maji na oili ya gia havikukutana kwa bahati mbaya; vilifanywa majirani na wanadamu, katika miaka inayojulikana, kwa sababu zilizokuwa njema wakati ule. Kwa hiyo fundi atafutaye asili ya mafuta yale hana budi kufanya kazi ya mwanahistoria: kuwajua mashahidi, kujua kila mmoja alifika lini na alikaa karibu na nani, kisha kuwahoji mmoja mmoja kabla ya kutoa hukumu.

I. Neno na maana zake

Neno mafuta ni la kale sana. Waganda husema amafuta, Wazulu amafutha, Wakikuyu maguta. Na katika Kiswahili chenyewe neno ufuta, yaani simsim, ni la shina hilohilo. Maana yake ya asili ni shahamu ya mnyama na kimiminiko kitokacho katika mbegu na matunda: kitu cha kupikia, cha kujipaka mwilini, na cha kuwashia taa. Ilipofika biashara ya mafuta yachimbwayo ardhini, lugha haikutafuta neno jipya. Ililiongezea mzigo lile la zamani, tukapata mafuta ya taa. Magari yalipokuja, mzigo ukazidi. Kile kinachochomwa ndani ya injini kikaitwa mafuta. Kile kinachovilainisha vyuma kikaitwa mafuta. Hata kile kinachosukumwa katika mabomba ili kiendeshe gia au kisaidie usukani, nacho kikaitwa mafuta.

Watu wa karakana wenyewe walitambua hatari hiyo zamani, wakajitengenezea mgawanyo. Kwa wengi wao mafuta ni petroli au dizeli. Kilainisho cha injini ni oili. Na kile kimiminiko chepesi cha gia otomatiki na usukani mara nyingi hukiita haidroliki. Mgawanyo huu ni mzuri, lakini una udhaifu mmoja: wenye magari wengi hawautumii. Yule aletaye lori husema mafuta kwa vyote vitatu, naye fundi mwenye haraka hulisikia neno kwa maana aliyoizoea yeye. Hapo ndipo kosa la kwanza la uchunguzi huzaliwa, kabla hata spana haijashikwa.

Tuongeze kwamba neno dizeli lenyewe ni jina la mtu. Tuanze na huyo, maana habari ya maji katika injini yaanza na habari ya joto, na joto ndilo lililomshughulisha maisha yake yote.

II. Maji yalivyoingia katika injini

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka wa 1858, mtoto wa wazazi wa Kijerumani. Alisoma Munich, na mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi. Baadaye Diesel alifanya kazi katika biashara ya mwalimu wake, akishughulika na mashine za barafu. Huyu, basi, ambaye jina lake leo ni jina la moto, alijifunza ufundi wake katika baridi. Kilichomkera ni ubadhirifu wa mashine za mvuke za siku zile, ambazo zilipoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa bila kufanya kazi. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1893, na baada ya majaribio mengi yaliyoshindikana, injini yake ilifaulu huko Augsburg mwaka wa 1897. Ilipopimwa, ilionekana kwamba yageuza kuwa kazi kiasi cha 26 kwa mia ya joto la mafuta yake, jambo ambalo hakuna mashine nyingine ya joto iliyokuwa imelifikia.

Msomaji aiangalie hesabu hiyo kwa upande wa pili. Ikiwa 26 kwa mia ilikuwa kazi, sehemu iliyobaki ilikuwa joto lililopotea, na joto hilo lazima liende mahali. Mpaka leo, ingawa injini za malori zimefikia kiasi cha 40 kwa mia na zaidi, lingali limebaki joto la kutosha kuiyeyusha injini yenyewe lisipoondolewa. Sehemu hutoka na moshi. Sehemu kubwa ya salio hubebwa na maji.

Maji yalikuwa yametangulia kuingia katika magari ya petroli. Gari la Karl Benz la 1886 lilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani; mkewe, Bertha Benz, aliposafiri nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka wa 1888, alilazimika kutafuta maji njiani mara kwa mara. Ukombozi ulikuja na rejeta ya Wilhelm Maybach, iliyofungwa katika gari la Mercedes la mwaka wa 1901. Ilikuwa na vibomba vidogo zaidi ya 8,000, hewa ikipita ndani yake na maji yakiyazunguka mabomba hayo kama asali inavyoizunguka nta ya sega. Tangu hapo maji hayakupotea tena. Yalizunguka, yakapokea joto, yakalitupa hewani, yakarudi.

Injini ya Diesel ilikuwa nzito mno kwa gari mpaka miaka ya 1920. Kampuni ya Benz ilitoa lori la dizeli mwaka wa 1923, na MAN ikafuata mwaka wa 1924. Pampu ya Bosch ya kusukumia dizeli, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 1927, ndiyo iliyoyafanya malori hayo kuenea. Diesel mwenyewe hakuyaona. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka katika meli iliyokuwa ikivuka bahari kutoka Antwerp kwenda Uingereza.

Katika malori hayo ya kwanza maji yalikuwa na majirani wachache: kuta za silinda, kichwa cha silinda, na gasketi iliyo kati yao. Mafuta yakionekana katika maji, washukiwa walikuwa wachache vilevile. Baadaye injini za dizeli zilipoongezewa nguvu, oili yake ikapata joto kupita kiasi, ikabidi ipewe kipoza chake. Na katika injini nyingi kipoza hicho kikawekwa ndani ya njia ya maji, oili upande mmoja na maji upande wa pili wa bati jembamba. Huyu alikuwa jirani mpya wa kwanza. Wa pili alitoka nje ya injini kabisa.

III. Oili nyekundu

Mwaka wa 1905 Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani wa mitambo ya meli, alipata hati ya uvumbuzi wa namna ya kuhamisha nguvu kwa kimiminiko badala ya meno ya chuma: gurudumu moja lasukuma mafuta, nayo mafuta yazungusha gurudumu la pili lililo mbele yake bila vyuma hivyo kugusana. Wazo hilo ndilo lililo moyoni mwa gia otomatiki. Mwishoni mwa 1939 General Motors ya Marekani ilitangaza gia iitwayo Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940. Vita vilipozuka, gia hiyo ilitiwa katika vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, na baada ya vita ikaenea katika magari ya raia.

Kuhamisha nguvu kwa kimiminiko kuna gharama yake: kimiminiko huchapwa, kikachapwa, kikapata moto. Oili ikipata moto kupita kiasi huungua na kupoteza uwezo wake. Ilitakiwa ipozwe. Watengenezaji wangaliweza kuipa rejeta yake yenyewe mbele ya gari, na wengine walifanya hivyo. Lakini wengi waliona njia rahisi zaidi. Rejeta ya maji ipo tayari. Katika tangi lake, chini au ubavuni, hupita maji yaliyokwisha kupozwa. Basi na kitiwe kibomba cha oili humo ndani. Faida zilikuwa wazi. Kipoza hicho hakigongwi na mawe ya barabarani, hakihitaji nafasi yake, na katika nchi za baridi kali maji huipasha moto oili upesi wakati wa asubuhi. Kadiri miaka ilivyopita jambo hilo likawa desturi.

Mwaka wa 1949 General Motors ilitoa masharti ya oili maalumu ya gia hizo, iliyoitwa Type A. Oili za namna hii zilitiwa rangi nyekundu, ili fundi aonapo tone chini ya gari ajue kama latoka katika injini au katika gia. Rangi hiyo haina kazi nyingine yoyote. Ni lugha tu, ni neno lililoandikwa ndani ya kimiminiko ili kiweze kujitaja.

Hapa yapo mambo yatakayowapendeza watafutao njia za maneno. Kwa miaka mingi oili hiyo nyekundu ilichanganywa na sehemu ya mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yaliifanya iteleze vizuri baina ya sahani za klachi. Desturi hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilipoipiga marufuku biashara ya mafuta hayo. Nyangumi huyo ni yuleyule atoaye ambari, bidhaa ambayo watu wa pwani yetu waliijua na kuiuza tangu karne za kale. Kwa hiyo mtu aliyeiita oili ya gia mafuta katika miaka hiyo hakukosea hata kwa maana ya zamani kabisa ya neno: shahamu ya mnyama ilikuwamo.

Dizeli na gia otomatiki zilikutana katika magari madogo ya mizigo huko Marekani hasa tangu mwisho wa miaka ya 1970. General Motors ilitoa gari la mizigo la dizeli mwaka wa 1978. Ford ikafuata na magari ya mwaka wa 1983, na Dodge ikafunga injini ya Cummins katika magari ya mwaka wa 1989. Watu waliyanunua ili wakokote matela mazito, na mzigo mzito mlimani ndio mama wa joto katika gia otomatiki. Kibomba kile kilichokuwa kikipoza gari jepesi la familia sasa kilitakiwa kubeba joto la tani kadhaa.

Katika Afrika Mashariki malori mengi yalikuwa na gia za mkono, ambazo oili yake kwa kawaida haikaribii rejeta hata kidogo. Fundi aliyelelewa na malori hayo hana sababu ya kuishuku gia boksi aonapo mafuta katika maji. Humshuku jirani wa zamani, gasketi. Lakini mambo yamebadilika. Magari ya otomatiki yaliyokwisha kutumika Japani yameingia kwa wingi. Tena, malori makubwa ya Ulaya yamefungwa breki ya oili iitwayo ritada, inayolizuia lori mteremkoni kwa wazo lilelile la Föttinger likiwa limegeuzwa: badala ya kuendesha, kimiminiko huzuia. Baadhi ya ritada hizo zatumia oili ileile ya gia boksi, na joto lote la kuzuia mzigo hutupwa katika maji ya injini kupitia kipoza. Lori la namna hiyo literemkapo Kitonga, maji yake hupokea joto la barabara nzima, na oili ya gia husimama ng'ambo ya bati tu.

IV. Ukuta mwembamba

Ukuta utenganishao oili na maji lazima uwe mwembamba, maana ukiwa mnene joto halipiti. Hiyo ndiyo tabia yake, na ndiyo maradhi yake. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba zilizounganishwa kwa risasi. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wengi walihamia rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki. Ukuta huo hutikiswa na injini, hupanuka na kusinyaa kila siku, na huliwa polepole na maji ambayo dawa zake za kuzuia kutu zimekwisha nguvu. Siku moja hupata tundu, na tundu hilo halionekani. Hakuna tone lidondokalo chini. Rejeta kwa nje ni nzima, kavu, safi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali yafaa neno kwa neno.

Jambo la pili lisilosahaulika ni msukumo. Kifuniko cha rejeta huruhusu msukumo wa kiasi cha kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Injini ikiwa inazunguka, pampu ya gia boksi huisukuma oili kwa nguvu ambayo mara nyingi huzidi hiyo. Kwa hiyo oili ndiyo ipenyayo kwenda katika maji. Injini izimwapo, pampu husimama papo hapo na msukumo wa oili hutoweka. Lakini maji yangali moto, yangali yamebanwa, na hukaa hivyo kwa muda. Sasa mkondo hugeuka: maji ndiyo yaingiayo katika oili. Basi mwenye lori aonaye mafuta katika rejeta yake ameona nusu ya habari tu. Nusu ya pili imo ndani ya gia boksi, nayo ndiyo mbaya zaidi. Sahani za klachi za gia otomatiki zimevikwa kitambaa cha namna ya karatasi kilichogandishwa kwa gundi; maji na dawa ya kuzuia kuganda hulivimbisha vazi hilo na kuilegeza gundi, mpaka likabanduka. Mafuta katika maji huchafua. Maji katika oili ya gia huua.

V. Kuwahoji mashahidi

Uchunguzi uliopangwa vizuri huanza kwa maswali, si kwa spana. Ni nini kilichotengenezwa mwisho? Rejeta ilibadilishwa lini? Je, kuna aliyemimina unga wa kuziba tundu, ambao hufanya matope yafananayo na oili? Je, yamechanganywa maji ya rejeta ya aina mbili zisizopatana, ambayo yaweza kuganda kama utomvu? Je, chupa ya oili ya usukani ilimiminwa katika tangi la maji ya akiba kwa makosa? Majibu ya maswali haya yameziokoa injini nyingi zisifumuliwe bure.

Shahidi wa kwanza ni rangi, naye husema kweli mara nyingi lakini si mara zote. Oili ya gia ikichanganyika na maji hufanya uji wa waridi, kama maziwa yaliyotiwa matunda mekundu. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kwa masizi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Ikichanganyika na maji hufanya uji wa kijivu au wa kahawia iliyokolea. Kutu hufanya maji mekundu ya matofali, lakini hayatelezi kidoleni. Tatizo ni kwamba maji ya rejeta yenyewe yana rangi. Zamani mengi yalikuwa ya kijani. Tangu miaka ya 1990 yameenea ya rangi ya chungwa, ya waridi, na mekundu. Rangi iliyotiwa katika oili ili ijitaje sasa yatajwa na maji pia, na shahidi amepoteza nusu ya thamani yake. Kadhalika oili ya gia iliyozeeka huwa ya kahawia, wala haina wekundu wowote wa kuonyesha.

Shahidi wa pili ni harufu. Dizeli yajulikana kwa pua papo hapo, nayo ikinukia katika maji yaelekeza kwenye kichwa cha silinda au, katika baadhi ya injini, kwenye vikombe vya shaba vinavyozishika nozeli. Oili ya gia iliyoungua hunuka ukali wa kuchoma. Lakini hapana ruhusa ya kumwita shahidi wa tatu ambaye wazee wengine walimzoea, yaani ulimi. Dawa itiwayo katika maji ya rejeta ili yasigande wala kuchemka upesi ni sumu yenye utamu. Kiasi kidogo chaweza kuziharibu figo, na utamu wake ndio mtego wake.

Shahidi wa nne ni vipimo. Aliyepungua ndiye ashukiwaye kutoka. Fundi apime oili ya injini, apime oili ya gia, apime maji, kisha alinganishe. Lakini na hapa aangalie: gia boksi iliyopokea maji yaweza kuonekana imejaa, au hata imezidi, hali imepoteza oili yake. Kwa hiyo fimbo ya kupimia isitazamwe kwa urefu wa alama tu. Itazamwe na kile kilichoshika. Uji wa waridi kwenye fimbo ya gia ni ushahidi mkubwa kuliko wote uliotangulia. Gia boksi isiyo na fimbo, kama nyingi za siku hizi, hufunguliwa kizibo cha kukagulia. Na oili ya gia ikionekana safi, hiyo si hati ya kuachiliwa huru. Huenda tundu ni dogo na maji hayajarudi bado.

Yapo majaribio mawili ya bei rahisi. La kwanza ni tone la kimiminiko hicho juu ya karatasi inyonyayo: oili ya injini ya dizeli huacha kiini cheusi cha masizi katikati, na oili ya gia huenea ikiwa nyepesi bila kiini hicho. La pili ni kudondoshea tone la oili ya gia juu ya bamba la chuma lililo moto: yenye maji hutatarika, isiyo na maji hutulia na kutoa moshi tu.

Baada ya hayo ndipo zifike spana. Mabomba ya oili ya gia hufunguliwa kwenye rejeta, mdomo mmoja wa kipoza huzibwa, na katika mdomo wa pili hutiwa hewa ya msukumo wa wastani, rejeta ikiwa imejaa maji na kifuniko kikiwa wazi. Viputo vikipanda, mshukiwa amekiri. Visipopanda, jaribio lirudiwe rejeta ikiwa imepashwa moto, maana ziko nyufa zisizofunguka ila kwa joto. Kipoza cha oili ya injini, na kile cha ritada, navyo hupimwa kwa njia hiyohiyo, kila kimoja peke yake. Kuvitenga ndiyo siri ya kazi hii: washukiwa wakihojiwa pamoja, kila mmoja hujificha nyuma ya mwenzake.

Gasketi ya kichwa cha silinda ina dalili zake. Injini ikiwashwa ingali baridi, mipira ya maji hukakamaa mapema kabla ya joto, na viputo huonekana bila kukoma. Iko dawa ya buluu igeukayo kuwa njano ikipata moshi wa injini katika hewa ya rejeta. Lakini dizeli inayozunguka bila mzigo hutoa hewa-ukaa haba, hivyo jaribio hilo laweza kuikosa hitilafu iliyopo.

Shahidi wa mwisho ni maabara. Oili ya injini ya dizeli hutiwa kwa wingi dawa zenye zinki, fosforasi na kalisi. Oili za gia otomatiki za siku hizi kwa kawaida zina dawa hizo kwa kiasi kidogo. Kwa upande wa pili, sodiamu au potasiamu ikizidi katika oili, husema kwamba maji ya rejeta yameingia. Maabara haioni rangi wala haidanganywi na jina. Yasoma kile kilichomo. Shida yake ni muda, na lori lililosimama halimlishi mtu.

VI. Hukumu na msamiati

Ikithibitika kwamba kosa ni la kipoza cha gia, lori lisiendeshwe tena, hata hadi karakana ya jirani. Rejeta ibadilishwe, maji yasafishwe kwa sabuni ya kazi hiyo mara kadhaa, mipira ichunguzwe, maana mafuta huivimbisha na kuilainisha, na oili ya gia itolewe yote, pamoja na ile iliyobaki ndani ya kigeuza-nguvu. Kama maji yalikaa humo siku nyingi, sahani za klachi zichukuliwe kuwa zimekufa hata kama gia zingali zikiingia. Wenye magari wengi wa Marekani waliokwisha kupatwa na msiba huu huamua kumtenga jirani kabisa: hufunga kipoza cha oili kipozwacho kwa hewa, mbele ya rejeta, mbali na maji. Kwa kufanya hivyo wanarudi kwenye njia ile ambayo watengenezaji wengi waliiacha miongo kadhaa iliyopita.

Makosa ya kubahatisha huja kwa sura mbili. Fundi wa kwanza husikia "mafuta katika maji", akafikiri gasketi, akafumua kichwa cha silinda cha injini nzima. Fedha zikaisha, na wiki mbili baadaye uji ukarudi, gia boksi nayo ikafa. Fundi wa pili huona wekundu, akashutumu gia, akabadili rejeta, kumbe wekundu ni wa maji yenyewe na oili ni ya injini. Wote wawili si wajinga wa chuma. Mmoja amedanganywa na neno, na mwingine amedanganywa na rangi, ambayo nayo tulikwisha kuona kuwa ni namna ya neno.

Hapa ndipo kazi ya wanafunzi wa lugha inapokutana na kazi ya karakana. Waandishi wa kamusi na vitabu vya ufundi mara nyingi hupenda kumpa fundi neno safi la Kibantu badala ya lile alilolizoea, nao hufanya hivyo kwa mapenzi mema. Lakini katika jambo hili neno la Kibantu ndilo pana, na maneno ya mkopo ndiyo yenye mipaka. Dizeli, oili, haidroliki: maneno haya matatu yaliyochukuliwa ugenini yatenganisha vitu ambavyo mafuta yaviunganisha. Kuyafuta kwa ajili ya usafi wa lugha kungekuwa sawa na kuutoboa ule ukuta mwembamba kwa mikono yetu wenyewe. Afadhali yakubaliwe, yaandikwe sawasawa, na yafundishwe pamoja na maelezo yake: oili ya injini, oili ya gia, oili ya usukani, dizeli. Neno mafuta libaki na heshima yake ya kale, kama jina la ukoo, wala lisitumiwe pale inapotakiwa kujua ni mtoto gani aliyevunja chungu.

Na mwenye lori naye afundishwe kuuliza, kabla ya kukubali injini yake ifumuliwe, swali moja fupi: "Mafuta gani?" Fundi asiyeweza kulijibu bado hajamaliza kuchunguza.